Kifungu cha Kumi na Nne

Nakala ya mswada tuliitoa River Road, shilingi tatu ukurasa,
kurasa sitini na moja, kutoka sadaka ya Jumapili ya pili.
Mweka hazina alinuna: paa bado linavuja upande wa kwaya.
Shemasi Wesonga akamwambia, mvua haijaua mtu humu ndani.

Tukausoma usiku, jikoni kwa Nthenya,
yeye akichambua sukuma, sisi tukichambua sheria.
Mengi yalikuwa maneno ya kawaida:
nani ataitwa afisa, nini kitaitwa ada.
Mpaka tulipofika cha kumi na nne, sehemu ya pili:
iwapo jamaa wa marehemu hawana uwezo wa kulipa,
msimamizi wa hospitali anaweza kuuachilia mwili.

Anaweza.

Nthenya akaweka kisu chini.
"Hata sasa anaweza. Kwani nani alimkataza?"

Kyalo wake yumo kwenye jokofu siku ya kumi na tisa.
Alikoma kukua akiwa na miaka ishirini na miwili,
lakini bili yake inakua,
ina afya, inaongeza uzito kila asubuhi,
mtoto wa pekee aliyembakia.

Maalim Athumani alikuja kutoka Majengo na kiti chake cha kukunja.
Kwao anayefariki alfajiri hazoei kulala nje ya kaburi,
na yeye amewahi kungoja wiki tatu mlangoni, sanda mkononi,
sanda ikakunjika hadi ikashika mistari kama daftari.
"Sisi na nyinyi tunabishana mengi," akasema.
"Hili la mchanga hatubishani."

Sahihi tulikusanya baada ya ibada, baada ya swala.
Wasioandika walitia dole gumba.
Wino ulishika kitambaa cha madhabahu
na hadi leo haujatoka,
wala hakuna anayeharakisha kukiloweka.

Alhamisi, baridi ya Julai, Bunge la Kaunti.
Askari akapekua mfuko wa Nthenya:
kitabu cha nyimbo, chupa ya chai,
risiti za chumba cha maiti zilizofungwa kwa mpira.
Chupa akaizuia.
Risiti akazirudisha kwa mikono miwili.

Waheshimiwa walikuwa saba, viti kumi na vitatu.
Mwenyekiti akauliza, kwa hiyo mnataka hospitali ziendeshwe kwa maombi?
Shemasi alikuwa na hotuba ya vichwa vitano,
ameifanyia mazoezi mbele ya mkewe na kuku.
Akaikunja akaitia mfukoni.

"Mheshimiwa, tumekuja kuomba neno moja.
Palipoandikwa *anaweza*, paandikwe *sharti*."

Mtu akakohoa. Simu ikatetemeka mezani, ikaachwa itetemeke.

"Ijumaa moja, zamani," akaendelea,
"mtu alikwenda kwa liwali jioni kuomba mwili.
Liwali yule hakuwa mwema.
Lakini hata yeye
hakumdai ada ya siku."

Mjumbe mmoja alicheka, kisha akaacha.
Karani akainamia mswada, akaandika kitu pembeni.
Nthenya, ambaye hakuwa ameitwa kusema,
akainuka kwenda kutazama.

"Penseli?"

"Ni rasimu, mama. Ndio utaratibu."

Akamsogezea kalamu yake, ya buluu,
imetafunwa mwishoni; Kyalo ndiye aliyekuwa akitafuna.
Karani aliitazama. Akaitazama tena.
Hakuichukua, wala hakuirudisha.

Getini tulipewa chupa yetu, chai bado ina moto.
Tulikunywa ukutani, kikombe kimoja,
shemasi, maalim, mimi, na yule askari tulipomkaribisha.
Kikao kijacho ni tarehe sita mwezi wa nane.
Nthenya akaanza kuhesabu siku kwa vidole, na kila siku bei yake.
Vyake vilipokwisha
akaushika mkono wangu, akaendelea.